Mwili Uliochoka na Chupa ya Dawa Lishe: Mjadala wa Bukoba na Muleba

Adaptojeni ni jina la jumla la mitishamba inayosemekana kuusaidia mwili kuhimili msongo wa mawazo, uchovu na wasiwasi mdogo, bila kuusisimua kupita kiasi wala kuutia usingizi. Maarufu zaidi ni ashwagandha ya India, ginseng ya China na Korea, rodiola ya nchi za baridi, eleuthero ya Siberia, na tulsi, mrehani unaoheshimiwa na Wahindu. Mkoani Kagera hufika ikiwa vidonge, unga au majani ya chai. Huuzwa kama dawa lishe madukani na stendi mjini Bukoba, kwenye magulio ya Muleba ambako spika ya muuzaji husikika kabla mwenyewe hajaonekana, na mikononi mwa mawakala wanaopita nyumba kwa nyumba. Ahadi zao hufanana: huondoa uchovu, hutuliza akili, huongeza nguvu.

Mimea hiyo ni ya kale, lakini nadharia inayoiunganisha ni ya juzi tu. Mwaka 1936 mwanasayansi Hans Selye alionyesha kwamba mwili wa panya hujibu kwa namna moja hata ukipigwa na baridi, jeraha au sumu. Mwaka 1947 mwanasayansi wa Kisovieti Nikolai Lazarev akapendekeza kuwa zipo dawa zinazoweza kuongeza ustahimilivu wa jumla wa namna hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Israel Brekhman na Igor Dardymov waliweka masharti matatu: dawa isiwe na madhara, iukinge mwili dhidi ya mashambulizi ya kila aina, si ya aina moja, na iurudishe mwili katika hali ya kawaida, iwe kipimo kimepanda au kimeshuka. Masharti hayo ni mazito. Dawa inayochochea nguvu na kutuliza kwa wakati mmoja, tena bila madhara, haijulikani kwingine katika famasia, na hapo ndipo ubishi unapoanzia.

Sauti nne zinatosha kuubeba mjadala huu: tabibu wa tiba asili wa Muleba, mfamasia wa Bukoba mjini, muuguzi wa CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, na bibi mkulima wa kahawa na migomba.

Tabibu anaanza na mgonjwa, si na mmea. "Mtu anakuja analalamika mwili hauna nguvu, usingizi ni wa mang'amung'amu, moyo unadunda akiwaza ada za watoto. Amepima malaria, haipo. Amepewa dawa ya maumivu akarudishwa nyumbani. Mwanangu, wewe ungemwambia nini?"

Swali lake lina uzito katika mkoa huu. Mnyauko wa migomba uliingia Muleba mwaka 2006 na kuua mashamba ambayo ndiyo chakula cha kila siku cha kaya. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba Bukoba na kuwalaza watu nje. Kabla ya hapo kulikuwa na kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na miaka mingi ya mazishi ya ukimwi. Mawazo ya watu wa hapa yana sababu zinazoonekana, na hospitali nyingi hazina dirisha la kuyapokea. Tabibu hana haja ya kubuni uhitaji. Anaukuta mlangoni.

Kisha anataja tukio ambalo mkoa wenyewe uliupa ulimwengu. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu walianza kucheka katika shule ya bweni ya misheni huko Kashasha. Kicheko hakikuzuilika, kilichanganyika na kilio na kutotulia, kikadumu dakika chache kwa mmoja na saa kadhaa kwa mwingine, kikaondoka na kurudi. Kufikia tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Wasichana waliporudi makwao, hali hiyo ilizuka Nshamba, Muleba, ambako watu 217 walipatwa mwezi Aprili na Mei, wengi wao watoto na vijana. Katika shule ya wasichana ya Ramashenye, karibu na Bukoba, walipatwa 48 kati ya 154. Walimu wa Kashasha hawakuguswa. Madaktari Rankin na Philip, walioandika ripoti yake mwaka 1963, hawakuona kijidudu wala sumu katika chakula iliyoweza kuyaeleza matukio hayo. Watafiti waliofuata wameyahesabu kuwa ni msongo wa mawazo uliojitokeza kwa njia ya mwili, na kuenea kutoka kwa mtu hadi mtu.

"Kipimo kilisema hakuna kitu," anasema tabibu, "na mabinti walikuwa wanaumia. Msongo huingia mwilini. Basi na dawa inayougusa mwili mzima ina mahali pake."

Mfamasia anakubali sentensi ya kwanza na kuikataa ya mwisho. Kashasha, kwa hoja yake, inafundisha jambo jingine ambalo wauzaji wa dawa lishe hawalipendi: kicheko kile kilififia chenyewe. Hakuna dawa iliyokikomesha. Kama mtu angepita Nshamba mwezi Juni 1962 na gunia la unga wowote, akamgawia kila aliyepatwa, kufikia mwaka uliofuata angekuwa na mashahidi zaidi ya mia mbili waliopona. Msongo, uchovu na wasiwasi mdogo ni hali zinazopanda na kushuka. Mtu hutafuta dawa siku zilipopanda zaidi, kwa hiyo siku zinazofuata huwa nafuu hata akinywa maji matupu. Ndiyo maana ushuhuda wa mtu mmoja mmoja, hata ukiwa wa kweli na wa dhati, hauwezi kuamua suala hili. Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote upande wake, na inastahili kusikika magulioni kama spika zinavyosikika.

Njia ya kuamua ni jaribio ambamo nusu ya washiriki humeza mtishamba na nusu humeza kidonge kisicho na dawa, bila yeyote kujua amepata kipi. Ashwagandha imejaribiwa hivyo. Katika jaribio la India lililochapishwa mwaka 2012, watu wazima 64 wenye msongo wa muda mrefu walifuatiliwa siku 60. Waliopewa miligramu 300 za mzizi uliokamuliwa, mara mbili kwa siku, alama zao za msongo zilishuka kwa asilimia 44, na wa kidonge kitupu kwa asilimia 5.5. Kortisoli, homoni ya msongo, ilishuka kwa asilimia 27.9 dhidi ya 7.9. Majaribio mengine yaliyofuata yameelekea upande huohuo.

Tabibu anaipokea taarifa hiyo kama ushindi. "Waitu, umesema mwenyewe."

"Nimesema, Mzee, lakini nisikilize mpaka mwisho," anajibu mfamasia. Watu 64 ni wachache kwa mmea unaouzwa dunia nzima, na majaribio mengi ya ashwagandha ni ya ukubwa huo, ya wiki nane hadi kumi na mbili. Dawa iliyojaribiwa ni mzizi uliokamuliwa kwa kipimo kinachojulikana. Kilichomo kwenye pakiti ya unga isiyo na namba ya toleo kinaweza kuwa mzizi, majani yaliyo rahisi kuvuna, au mmea mwingine kabisa. Matokeo ya jaribio ni ya kile kilichojaribiwa tu.

Kuhusu nadharia yenyewe, Shirika la Dawa la Ulaya lilijadili mwaka 2008 na kuona kwamba neno adaptojeni halifai kutumika kama istilahi ya kitabibu, kwa kuwa masharti ya Brekhman hayajathibitishwa. Shirika hilohilo halikuitupa mitishamba. Rodiola linaikubali kwa nafuu ya muda ya dalili za msongo, kama uchovu na kujihisi dhaifu, lakini kwa kigezo cha matumizi ya jadi: angalau miaka 30, ambayo 15 iwe ndani ya Ulaya. Yaani cheti hicho kinashuhudia kwamba watu wameitumia muda mrefu na haionekani kuwadhuru. Hakishuhudii kuwa imethibitishwa kuponya.

Hapo tabibu anashika hoja ya jadi. Ikiwa miaka 30 inatosha Ulaya, kwa nini karne za Kagera zisitoshe? Ni hoja ya haki, nayo ina majibu mawili. La kwanza ni kwamba jadi ya Kagera imechunguzwa kwa heshima. Taasisi ya Tiba Asili ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti, iliwatuma watafiti wake Kagera, na matokeo yakachapishwa kwa awamu: Bugabo mwaka 2009, Katoro mwaka 2010, na kijiji cha Kikuku, Muleba, mwaka 2012. Bugabo peke yake walirekodi zaidi ya spishi 90 za mimea ya dawa. Ugonjwa uliokuwa na mimea mingi zaidi ni malaria, ukifuatwa na magonjwa ya ngozi. Elimu hiyo ya wazee imejengwa juu ya magonjwa yenye dalili za kuonekana na matokeo ya kupimika kwa siku chache: homa imeshuka au haikushuka, kidonda kimefunga au hakijafunga. Omubilizi, kwa mfano, ule mti mchungu wenye sifa katika homa na maumivu ya tumbo, umejipatia jina kwa njia hiyo.

Jibu la pili ni kali zaidi. Ashwagandha, ginseng na rodiola si jadi ya Kagera. Ashwagandha huota yenyewe sehemu kavu za Afrika Mashariki, na ni ya jamii moja na nyanya na biringanya, lakini chupa inayouzwa Bukoba imetoka kiwandani na maelezo yake yametoka India. Tulsi ina ndugu hapa, kivumbasi, kinachofukizwa kwa mafua na kuwekwa ndani kufukuza mbu; undugu wa majani haukifanyi kivumbasi kuwa tulsi. Muuzaji anayetaja mababu huku akishika kidonge cha ng'ambo anatumia heshima ya watu ambao hawakukijua.

Bibi mkulima, aliyekuwa kimya, anaingia hapa. "Mababu walikuwa na yao ya uchovu. Mbona hamuitaji?"

Anachokisema ni kahawa ya kutafuna, amwani. Buhaya, nchi ya Wahaya wa Kagera, ilijua kahawa kabla ya Wajerumani kuja, na robusta ndiyo kahawa yake ya asili. Haikuwa ya kunywa. Buni huchumwa kabla haijaiva sana, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha huanikwa mpaka ikauke na kuwa nyeusi. Hufungwa kwa nyuzi za mgomba katika vifurushi vidogo ambavyo bado huuzwa Bukoba. Mgeni akifika hupewa chache kiganjani kabla ya mazungumzo; watu waliokula kiapo cha udugu wa damu waligawana buni mbili za ganda moja. Msafiri na mvuvi wa usiku walizitafuna ili wasilale.

Mfamasia anaupenda mfano huu kwa sababu unaonyesha kitu kinachofanya kazi kwa njia inayojulikana. Robusta ina kafeini takriban mara mbili ya arabika. Kafeini huziba vipokezi vya adenosini, kemikali inayojilimbikiza ubongoni kadiri mtu anavyokaa macho na kumletea usingizi. Uchovu haujaondoka, taarifa yake tu ndiyo imezuiwa, na nusu ya kafeini bado imo mwilini saa tano hivi baadaye. Kwa hiyo kahawa si adaptojeni hata kidogo: huamsha, haitulizi, na kwa mtu mwenye wasiwasi huzidisha mapigo ya moyo na kumkosesha usingizi. Mtu anayelalamika moyo unadunda huku akitafuna kahawa kutwa nzima ana swali la kwanza la kujiuliza, na halina gharama. Baadhi ya dawa lishe za "kuongeza nguvu" zina kafeini ndani yake kwa jina la guarana au chai ya kijani, na mnunuzi huisifu ginseng kwa kazi iliyofanywa na kafeini.

Bibi ana jambo la pili, la fedha. Anayenunua chupa ya mwezi mmoja kwa bei ya madebe kadhaa ya mahindi, halafu akakosa karo, ameongeza mzigo uleule alioununulia dawa. Hili halihitaji utafiti.

Muuguzi wa CTC anaubadilisha mjadala kutoka kufaa hadi kudhuru, naye anazungumza kwa niaba ya watu wengi. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Mwaka 1987, uchunguzi wa Bukoba mjini ulikuta maambukizi kwa asilimia 24.2 ya watu wazima. Kiwango kilishuka sana baadaye, na waliobaki hai kwa dawa za kufubaza virusi ni mashahidi wa mafanikio hayo. Kwa mtu anayetumia dawa hizo, "mtishamba hauna kemikali" ni sentensi ya hatari.

Hatari iliyothibitishwa vizuri zaidi inatoka kwa mmea unaouzwa kwa huzuni na wasiwasi, *Hypericum perforatum*. Huliamsha ini lifanye kazi ya kuvunja dawa kwa kasi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2000 lilionyesha kwamba kiasi cha indinavir, dawa ya kufubaza VVU, katika damu kilipungua kwa asilimia 57 mtu alipotumia mmea huo. Dozi imemezwa kwa wakati, na bado virusi vinapata mwanya. Huathiri pia vidonge vya uzazi wa mpango na dawa nyingine nyingi. Si adaptojeni kwa maana ya Brekhman, lakini hukaa rafu moja nazo, na mara nyingi huwa nazo ndani ya mchanganyiko mmoja.

Hatari ya pili ni ya kila siku, na wengi hawaijui. Dawa kuu ya CTC sasa ina dolutegravir. Madini ya chuma, kalsiamu, zinki na magnesiamu hushikamana nayo tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu. Chupa nyingi za dawa lishe huchanganya mitishamba na madini hayo. Utaratibu unaoelekezwa ni kumeza dolutegravir saa 2 kabla ya madini au saa 6 baada yake. Chuma na kalsiamu zinaweza kumezwa pamoja nayo iwapo ni pamoja na chakula. Muuguzi hamkatazi mtu. Anataka aletewe chupa aisome.

Ashwagandha nayo haikosi makali. Mwaka 2020 ziliripotiwa kesi tano, za Iceland na Marekani, za watu walioumia ini baada ya kuitumia: macho ya njano na mwili kuwasha wiki chache baada ya kuanza. Walipoacha, walipona. Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023. Inaweza kupandisha homoni za tezi ya shingo na kushusha sukari, hivyo mwenye ugonjwa wa tezi au anayetumia dawa za kisukari asiianze bila daktari, na mjamzito asiitumie. Urukususi, unaotiwa katika michanganyiko mingi ya Kichina, hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu. Sharti la kwanza la adaptojeni, kutokuwa na madhara, limeshindwa na mimea yake yenyewe.

"Lakini mwanangu," tabibu anajibu, "hospitali nayo ina dawa zinazoumiza ini. Hamzipigi marufuku." Ni kweli, na muuguzi anakiri. Tofauti iko katika ufuatiliaji: dawa ya hospitali hutolewa kwa ugonjwa uliopimwa, na mtu hurudi kupimwa tena. Hatari ya kukosa ufuatiliaji ilionekana mwaka 2011, maelfu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga cha mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Bei ilikuwa ya huruma, na wapo waliofika wakiamini kikombe kimoja kingetosha maisha, wakaacha vidonge vyao. Madhara makubwa ya siku zile yalitokana na kile kilichoachwa.

Kwa hiyo muuguzi anashikilia mpangilio wa hatua, na hapa tabibu anakubaliana naye bila kusita. Uchovu unaozidi wiki mbili una orodha ya sababu zinazotibika: malaria, upungufu wa damu, kifua kikuu, VVU, kisukari, tezi, mimba, minyoo, na sonona. Mwanamke mwenye damu pungufu anayepewa ginseng ataendelea kuchoka, na sababu ya damu yake kupungua itaendelea kufanya kazi. Anayekohoa, anayepungua uzito au kutoka jasho usiku aende hospitali ya Rubya, Ndolage au Kagondo, au zahanati iliyo karibu kabla ya chochote. Anayefikiria kujidhuru asiachwe peke yake. Kwa msongo na wasiwasi mdogo uliobaki baada ya vipimo, kuna tiba ya mazungumzo yenye ushahidi mkubwa kuliko mtishamba wowote: nchini Zimbabwe, mabibi waliofunzwa kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki walipunguza dalili za sonona na wasiwasi katika jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016. Hakuna kifaa kilichohitajika zaidi ya benchi na mafunzo. Muleba ina mabibi ambao tayari huketi na watu; hawajafunzwa tu.

Sheria inampa kila mmoja nafasi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, iliunda Baraza linalosajili waganga, vituo na dawa zao, na Mkemia Mkuu wa Serikali huzipima kama zina sumu. Dawa za kisasa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Usimamizi wa chakula ulihamia Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019. Chupa iitwayo dawa lishe husimama kati ya milango hiyo: ikiulizwa ithibati hujibu ni chakula, na ikiuzwa husema ni dawa. Tabibu aliyesajiliwa, anayejulikana kijijini na anayeweza kuitwa kujieleza, anaumizwa na hali hii kuliko mtu mwingine yeyote, naye anataka mawakala wabanwe kwa masharti yaleyale anayobanwa yeye.

Linalobaki bila mapatano ni muda. Tabibu amezoea kumpa mtu mtishamba mpaka ajisikie vizuri. Mfamasia anasema majaribio yanaishia wiki ya kumi na mbili, kwa hiyo mtu mzima asiye na ujauzito, asiye na dawa nyingine, aliyekwisha kupimwa na kuamua kujaribu ashwagandha au rodiola, aanze na mmea mmoja peke yake wenye kipimo kilichoandikwa, apange tarehe ya kuacha kabla ya kufungua chupa, na aache mara moja macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi au mwili ukiwasha. Asipoona tofauti baada ya wiki nane, chupa ya pili haina sababu. Tabibu anaona wiki nane ni chache kwa mizizi. Yupo tayari kupanga tarehe ya kuacha, ila anataka iwe ya miezi mitatu, na dawa inayojaribiwa iwe pia ile ya Bugabo na Kikuku.